Duka Lile Pale, Ng'ambo ya Lami

Mtu wa Mpale akikuambia anakwenda Korogwe, usimuulize atarudi saa ngapi. Muulize mvua imenyesha wapi. Sisi tuko juu, kwenye Usambara ya upande wa Korogwe, na karibu kila kitu kinachotuhusu kiko chini: hospitali ya wilaya, benki, mahakama, wanunuzi wa kabichi na mabasi ya Dar es Salaam. Kati yetu na vitu hivyo kuna barabara ya udongo mwekundu ambayo kiangazi inatupaka poda na masika inatupaka tope. Umeme wa jua ulitufikia kabla ya lami, kwa kuwa jua halihitaji kupanda mlima kwa lori. Kwa hiyo siku hizi tunailalamikia barabara hata usiku, chini ya taa, tukionana nyuso.

Mimi nafanya biashara ya kabichi na maharage, na kulalamikia barabara ni sehemu ya kazi hiyo. Nimeilalamikia kwa madiwani, kwa wagombea, kwa mashehe na kwa mapadri. Kila uchaguzi lami inafika Mpale kwa spika, inakaa wiki chache, halafu inashuka pamoja na gari la matangazo. Nimezoea. Mwenye kabichi hujifunza mapema kusubiri huku mali yake ikioza.

Taabu ni kwamba mwaka jana nilikwenda Maskati, na tangu nirudi dua yangu ya lami imeingiwa na maneno ya ziada.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana hapa kijijini kuna wanaodhani nilikwenda kuuza figo. Shangazi yangu aliolewa na Mwarabu mwenye duka Korogwe, enzi zile ambapo ukitaka sukari, khanga au mafuta ya taa, iwe Korogwe au Handeni, ulikwenda kwa Mwarabu au kwa Mhindi. Sultan Qaboos alipotwaa nchi ya Oman Julai 1970, akawaita Waomani waliokuwa wametawanyika ng'ambo warudi wakajenge kwao. Shangazi na mumewe wakafunga duka, wakaenda. Watoto wao wamekulia huko, na Kiswahili hawakukipoteza, kwani Maskati imejaa watu waliotoka Zanzibar na kila mtaa una mtu wa kumsalimia shikamoo. Sasa binamu yangu alikuwa anaoza binti, akatuma tiketi moja. Mke wangu akasema niende mimi, yeye abaki na kabichi. Nilidhani ni upendo, kumbe alitaka mapumziko.

Tulitua usiku. Binamu akanipakia kwenye gari lililo baridi kuliko Lushoto mwezi wa saba, tukaingia Barabara ya Sultan Qaboos. Ndugu zangu, ile ni lami. Njia tatu kwenda, njia tatu kurudi, taa mwanzo hadi mwisho, na katikati maua yanayonyweshewa kwa mipira chini kwa chini, jangwani, wakati kwetu mvua inanyesha bure na barabarani haioti hata nyasi ya maana. Nilitafuta shimo moja la kunifanya nijisikie nyumbani, sikuliona. Gari lilipovuka kilomita 120 kwa saa likaanza kulia lenyewe, ti, ti, ti. Nikamwambia binamu asimame, kuna hitilafu. Akacheka, akasema linamkumbusha mwendo tu. Kwetu gari likivuka 20 wanaolia ni abiria.

Nililala nikiwa nimekwisha kuwasamehe Waarabu kila walichowahi kumkosea babu yangu.

Asubuhi nikataka wembe. Mtu hawezi kwenda arusini na ndevu zilizosafiri. Nikafungua pazia, na duka hili hapa, ng'ambo ya barabara kuu, limeandikwa kwa taa, mlango wake naona unavyofunguka na kufungwa. Kwa macho ya mtu wa mlimani ule ulikuwa umbali wa kumtuma mtoto, ukatema mate chini, ukamwambia arudi kabla hayajakauka. Nikavaa kandambili.

"Shemeji, unakwenda wapi?" mke wa binamu akauliza kutoka jikoni.

"Hapo dukani, mara moja."

"Subiri binamu yako aamke akupeleke."

"Anipeleke wapi, shemeji? Duka lile pale."

"Ndiyo, lile pale. Subiri akupeleke."

Nikaona ni heshima ya wenyeji tu, hawataki mgeni ajisumbue. Nikatoka.

Ulikuwa mwezi wa tano, saa tatu asubuhi, na mate yangekauka kabla hayajafika chini. Kijinjia cha miguu kilianza vizuri mbele ya nyumba, kikafuata ukuta, kikafika kwenye kona kikaishia kwenye mchanga, bila kuaga. Baada ya mchanga ni maegesho. Baada ya maegesho ni barabara ya pembeni, ile ya kuingilia barabara kubwa. Hakuna mti. Yaani mti upo, mtende, lakini kivuli cha mtende kinatosha nguzo, hakitoshi mtu. Nikawa natembea pembeni, na kila baada ya muda kidogo gari linapunguza mwendo, kioo kinashuka, mtu ananiuliza kitu kwa Kiarabu huku akionyesha nyuma. Nilichelewa kuelewa: walikuwa wanauliza gari langu limeharibikia wapi. Watu wastaarabu sana. Mtu anayetembea mahali pale saa ile hana maelezo mengine isipokuwa amepata ajali. Nikiwajibu kwa ishara kwamba natembea tu, kwa hiari yangu, walinitazama kwa huruma ya namna nyingine, wakafunga kioo.

Nikafika ukingoni. Duka bado lile pale. Kati yangu na wembe kuna chuma cha pembeni, njia tatu, chuma cha katikati, njia tatu nyingine, chuma kingine, na magari yanayopita kwa kasi ambayo huoni rangi, unasikia upepo tu. Nisiwasingizie: madaraja ya kuvukia kwa miguu yapo kwenye barabara ile. Yapo mbali. Nililiona moja kule kwenye mtetemeko wa joto, na sikuwa na uhakika kama ni daraja au ni jicho langu.

Nilisimama pale nikifikiri. Mimi nimevuka Mto Pangani ukiwa umefura. Nimeshuka Mpale juu ya lori la kabichi huku utingo akikimbia nyuma na kigingi cha mti, tayari kukitupa chini ya gurudumu breki zikikataa. Sasa nimeshindwa kuvuka barabara isiyo hata na tope.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja kwenye gari jeupe, kofia ya Kiomani, ndevu zimechanwa. Akashusha kioo, akanitazama miguuni, akaona kandambili.

"Yakhe," akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "wendapi na jua hili?"

Nusura nimbusu mkono. Nikamwambia nakwenda dukani, lile pale. Akasema panda. Nikapanda, na tukaanza safari ya kwenda lile pale. Tukaingia barabara kubwa, tukaenda upande usiokuwa wa duka, tukaenda, duka likapotea nyuma, tukaenda mpaka penye daraja la kugeuzia, tukapanda, tukazunguka, tukashuka, tukarudi upande wa pili, tukapita maduka ambayo hatuyataki. Tulikuwa na muda wa kujuana vizuri. Aliondoka Zanzibar kijana, akauliza natoka wapi, nikasema Tanga. "Aaa, Tanga, machungwa!" Nikamwambia machungwa ni Muheza, sisi Mpale ni kabichi. Akasikitika kwa adabu.

Tulipofika, nikashika mlango nishuke. Akanizuia. Akapiga honi. Kijana wa Kihindi, wa Kerala kama wengi wa kazi hiyo, akatoka dukani mbio na karatasi ya kuandikia, mzee akaagiza chai karaki mbili na wembe. Vikaja dirishani. Pande zote za gari letu kulikuwa na magari mengine yamesimama, injini zinanguruma ili baridi isikatike, honi zinalia, na vijana wa duka wanakimbia na vikombe vya karatasi kutoka dirisha hadi dirisha. Sokoni kwetu mpiga honi ni mtu anayetafuta ugomvi, na hapa ndiyo njia ya kusema tafadhali.

Nikamuuliza mzee mara ya mwisho alitembea kwenda dukani lini. Akafikiri mpaka chai ikapoa.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Mwaka 1970, Sultan Qaboos anaingia, Oman nzima ilikuwa na lami ya kama kilomita 10. Nchi nzima! Mpaka hapo baba yake, Sultan Said bin Taimur, alikuwa akiifunga milango ya mji wa Maskati saa tatu baada ya jua kuzama, na mtu aliyetaka kutembea ndani ya kuta usiku ilimpasa abebe fanusi. Kuleta gari nchini kulihitaji ruhusa ya Sultani mwenyewe. Sasa mtu akikuambia maendeleo ni jambo la karne nyingi, mpeleke Maskati: watu waliokuwa wakikatazwa kutembea usiku bila taa, watoto wao wana taa barabara nzima na hakuna anayetembea.

Na ukiangalia ramani huwezi kuwalaumu sana. Mji umebanwa. Kaskazini bahari, kusini milima ya Hajar, mikavu, haina hata mgomba. Katikati kumebaki ukanda mwembamba, na mji umeujaza kwa urefu, kutoka Mutrah mpaka Seeb, kama kilomita 50. Mji ulioinuka na magari haujikunji, unanyooka tu. Barabara moja ikawa ndiyo mji, na kila kilichojengwa kikajengwa kwa kuielekea. Ikajaa. Wakajenga nyingine sambamba nayo, chini ya milima, ile ya mwendo kasi, nayo watu wakajenga pembeni yake. Mabasi ya mjini yenye ratiba yalianza 2015 tu. Kabla ya hapo asiye na gari alikuwa mteja wa teksi za rangi ya machungwa na nyeupe au vibasi vya kuchangia. Petroli nayo serikali iliiwekea kikomo cha bei mwisho wa 2021, baisa zao 239 kwa lita ile nzuri. Kwa bei hiyo mtu anawasha gari kwenda kutupa taka.

Ninachosema si kwamba jangwani watu hawawezi kutembea. Hapo ndipo ninapobishana na binamu, aliyeniambia jioni ile, huku akicheka kandambili zangu, kwamba jua ndilo sababu. Nikamwomba anipeleke Mutrah (kwa gari, bila shaka). Ule ndio mji wao wa zamani, mbele ya bandari. Ukiingia sokoni na kwenye vichochoro vya nyuma unasahau kwamba kuna jua. Njia nyembamba, kuta ndefu, nyumba moja inaikinga nyingine, na juu ya soko kumeezekwa. Mpishano wa watu wawili na mkokoteni ni mazungumzo. Ni kama umeingia Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya Pangani kwetu. Wazee wale hawakuwa na kiyoyozi wala kipimajoto, ila walijua kwamba mahali penye jua kali njia inatakiwa iwe nyembamba, kivuli kitoke ukutani. Wajukuu wakaja na gari, wakaipanua njia mpaka kivuli kikashindwa kuifikia, halafu wanasema jua ni kali. Jua ni lilelile.

Binamu akasema sawa, lakini kuegesha Mutrah ni taabu. Nikanyamaza.

Wanaobanwa zaidi ni wale wasioshika usukani. Shangazi, ambaye Korogwe alikuwa hakai nyumbani, leo yuko kwenye mkutano wa kina mama, kesho msibani, keshokutwa Mombo kwa mboga, Maskati anasubiri mtu arudi kazini ampeleke. Watoto wa binamu hawajawahi kutumwa dukani. Hata hawajui kwamba mtoto hutumwa. Nilimwambia yule mdogo akaninunulie vocha, akamtazama mama yake kana kwamba nimemwambia aruke baharini. Na dada wa kazi wa jirani, binti wa Kitanzania, aliniambia dunia yake ni dirisha la jikoni na barabara inayopita chini yake. Jioni wenye nyumba wanaingia kwenye magari wanakwenda ufukweni Qurum kufanya mazoezi ya kutembea. Kwa gari, wakatembee. Na kule nako wanazunguka na gari nusu saa wakitafuta pa kuegesha karibu, wasije wakatembea sana kabla ya kutembea.

Wanaoijenga lami hiyo nao ni wanaume kutoka India, Pakistan na Bangladesh, na sheria inakataza kazi za juani saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, mwezi wa sita hadi wa nane. Sheria nzuri. Jua la saa sita na dakika ishirini nalijua mimi.

Kitu kimoja tu kilinifariji, nacho ni kibaya, Mungu anisamehe. Mvua. Maskati hupata kama milimita 100 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho kwetu Aprili moja yenye hasira inakipita. Kwa hiyo makorongo yao, wanayoyaita wadi, yanakaa makavu mwaka hadi mwaka, watu wanayaona ni ardhi iliyosahaulika, wanapitisha barabara na kujenga. Juni 2007 kikaja kimbunga Gonu. Wadi zote zikakumbuka kazi yake kwa siku moja. Barabara zikang'oka vipandevipande, magari yakaelea, watu kama hamsini wakafa nchini. Leo kuvuka wadi iliyojaa kwa gari ni kosa kisheria, na bado kila mwaka kuna anayejaribu. Binamu aliponisimulia hivyo nilijiona nimefika kwa ndugu. Kusimama upande mmoja wa maji machafu, abiria wakishauriana, dereva akivua viatu aende kupima kina, hilo Mpale tunaweza kutoa shahada.

Basi nikarudi, na kwa kuwa mtu aliyesafiri hanyamazi, nikamsimulia mpwa wangu anayefanya kazi Dodoma. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mjomba, kwani wewe hujafika Mtumba?" Mji wa Serikali, kama kilomita 17 kutoka Dodoma mjini, barabara pana, nyeusi, mpya, wizara hii hapa na wizara ile pale, na kati ya hii hapa na ile pale ni jua la Ugogoni na miti ambayo bado inaomba kukua. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, na 1976 kampuni ya wapangaji kutoka Toronto ikachora mji ambao mtu angetembea, apande baiskeli au basi, mitaa ikianzia kwenye nyumba kumi kumi za ujirani. Huo ndio mji wetu mkavu tuliouchora kwa ajili ya miguu. Siku hizi kinachotajwa kwa fahari ni barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3. Malori yanaihitaji, sikatai. Mpwa naye ameanza kukopa gari.

Na kabla sijamcheka mtu wa Dodoma, nashuka Korogwe. Mji huu uliletwa na vinavyopita. Wajerumani walianza reli ya Tanga 1893, wakafika Mombo 1905, na Korogwe ikachipua penye kituo. Halafu barabara kuu ya Segera hadi Moshi ikawa ndiyo mwenyeji, mji ukanyooka pembeni yake. Shule upande huu, soko upande ule, na katikati mabasi ya Arusha yenye haraka ya Arusha. Kijana wa machungwa anakimbia na beseni dirishani, mwanafunzi anasubiri, mama mwenye ndoo anasubiri, na kinachowavusha wote ni tuta. Madereva wanalitukana tuta. Mimi naliona ndilo askari pekee asiyekwenda kunywa chai.

Korogwe hadi Handeni nako, kilomita 65, tulikuwa tunakula vumbi, gari likifika Handeni abiria wote ni kabila moja. Lami ikaja, safari ikawa fupi, mgonjwa anafika, mahindi yanafika. Huo ni ukweli na siuchezei. Ila pembeni ya lami kila mtu akahamisha kibanda chake kuisogelea, halafu wakaja wenye rangi kuandika X, maana Sheria ya Barabara ya 2007 inaitaka barabara kuu na ya mkoa ipewe mita 30 kila upande kutoka katikati. Unasogelea lami, lami inakuambia rudi nyuma.

Wala mtu asije akanisikia nikisema afadhali njia yetu ya tope. Nimewasikia watalii wakisema hivyo, wakiwa wamevaa buti. Njia ile imeua. Mama mjamzito anateremshwa kwa bodaboda, akiwa amekaa katikati ya dereva na mama mkwe, kwenye kona ambazo mimi nikizipita na kabichi nasoma dua. Walimu wakipangiwa Mpale wanaanza kuandika barua ya uhamisho kabla ya kufungua begi. Mnunuzi wa Mombo anajua kwamba lori likikwama siku mbili kabichi zimekuwa zake kwa bei yake, kwa hiyo mvua ikinyesha anatabasamu. Lami naitaka. Naitaka hata kesho asubuhi.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa kijiji, ajenda ya mengineyo, nikanyoosha mkono. Nikasema: ndugu mwenyekiti, tukiomba lami tuombe kabisa na njia ya miguu pembeni, na matuta mbele ya shule na zahanati, na mahali pa kuvukia kwenda kisimani, na ile mikuyu ya kona isikatwe, kwa sababu nimeona mji ambao...

"Mzee," mwenyekiti akanikatiza, "hata kifusi hakijafika, wewe unataka zebra?"

Mkutano ukacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, tukiweka matuta mlimani, breki itafanya kazi gani. Mama mmoja akataka kujua kama huko Maskati wananunua kabichi. Nikajaribu kueleza habari ya wembe na duka lile pale, lakini ni habari ndefu na watu walikuwa na njaa. Mtendaji akaandika kitu kwenye daftari, mkutano ukafungwa.

Wiki iliyofuata muhtasari ukabandikwa ofisini. Mengineyo, kipengele cha mwisho: "Mjumbe mmoja amepinga lami."

Hakuandika jina, lakini kijiji hakihitaji jina. Msikitini mtu aliyekuwa akisali kulia kwangu sasa anasali nyuma. Mke wangu ananiuliza kwa upole kama Maskati nilianguka. Nimeandika barua ya kuomba muhtasari usahihishwe, nikaambiwa utasahihishwa kwenye mkutano ujao, mtendaji akipata nafasi.

Juzi nikamsimamisha kijana wa bodaboda, nikauliza nauli ya kunishusha na gunia moja la maharage. Akataja bei ambayo kwayo ningeweza kununua pikipiki, bila matairi. Nikamuuliza kulikoni, mafuta yamepanda?

"Mafuta yaleyale, mzee. Ila wewe si ndiye hutaki lami? Asiyetaka lami alipie tope."

Nikaliteremsha gunia, nikalikalia, tukaanza bei upya.